Vidole vya Minza

Siku yangu ya kwanza kazini nilianza kwa kumshuku Mwalimu Mkuu. Ilikuwa kule Mkula, na mzee yule alinipokea kwa tabasamu pana kuliko lilivyohitajika. Alinipeleka darasa la kwanza, akanikabidhi boksi la chaki, kisha akanionyesha mtoto mmoja aliyekaa peke yake nyuma kabisa.

"Huyo usihangaike naye, madam. Anakuja kunywa uji tu."

Nilijiuliza: mimi sijafundisha hata herufi moja, yeye amejuaje kwamba mtoto hafundishiki? Nikamhamishia yule mtoto dawati la mbele. Haukupita muda nikagundua kwamba ubao aliuona kama ukungu tu, na akili yake ilikuwa timamu kuliko ya wengi waliokuwa wakimcheka. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anaona nini.

Wenzangu kazini walikuwa wakisema kwamba mimi, Mwalimu Kwandu, simwamini mtu. Ni kweli, na sijawahi kuomba tabia hiyo initoke. Mtoto mwenye ulemavu aliyezoea kupuuzwa hujifunza kuficha asilolijua. Darasa likisema "ndiyo mwalimu," naye anasema ndiyo. Wenzake wakicheka, anacheka. Ukiamini kila ndiyo unayoisikia utamaliza muhula ukidhani umefundisha, kumbe umepiga kelele tu. Kwa hiyo ninyi vijana mnaoingia kazi hii, mkisikia mtu ananisema kwa kushuku, mwacheni aseme.

Mtoto yule wa Mkula ndiye aliyenifanya niombe kwenda kusomea elimu maalumu. Afisa Elimu wa wilaya aliponipitishia ruhusa alicheka sana. "Madam, wenzako wanakimbilia masomo ya kuwa wakuu wa shule, wewe unakimbilia vipofu?" Nilimjibu kwamba mkuu wa shule anasimamia walimu, na walimu ndio watu ninaowaamini kidogo kuliko wote. Akapiga muhuri bila kuongeza neno.

Niliporudi nilipangiwa Bariadi, kwenye kitengo cha wasioona. Kitengo ni darasa maalumu lililo ndani ya shule ya kawaida: mnatumia kengele moja, jiko moja na Mwalimu Mkuu mmoja, ila vifaa na ufundishaji ni vyenu wenyewe. Chetu kilikuwa na chumba cha kusomea na bweni dogo, kwa sababu watoto walitoka mbali, wengine Lamadi, wengine huko ndani Maswa. Tulifundisha kutembea kwa fimbo nyeupe, kufua, kula bila kumwaga. Lakini moyo wa kitengo ulikuwa nukta nundu, yaani maandishi ya vidole. Kila herufi ni vinundu vichache vilivyoinuka kwenye karatasi ngumu. Unaviandika kwa kibao chenye vidirisha na kalamu ya ncha ya chuma, ukitoboa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukigeuza karatasi, vinundu vinasomeka kushoto kwenda kulia. Anayeanza hulia. Baadaye kidole hupata akili yake, kikawa kinakimbia chenyewe.

Kitengo chetu kiliishia darasa la nne. Kutoka hapo, mtoto aliyejua kusoma alipelekwa kwenye shule kubwa ya wasioona mkoa mwingine, yenye mabweni na walimu wa masomo yote. Asiyejua kusoma alirudi nyumbani, na kurudi nyumbani kulikuwa ndio mwisho wake wa shule. Nafasi zilikuwa chache mno. Afisa wa Elimu Maalumu wa mkoa ndiye aliyekuja kusikiliza watoto na kuchukua jina.

Nilikuwa nimebakiza mwaka na ushei nistaafu Minza alipofika darasa la nne. Alikuwa binti wa Ipililo, mwembamba, aliyezaliwa haoni, mjukuu wa manju mmoja maarufu wa ngoma. Manju ndiye mtunzi na mwimbishaji wa kundi. Kwetu Usukumani makundi ya ngoma hushindana wakati wa mavuno, na manju anayesahau beti mbele ya watu hupoteza heshima yake yote. Sauti ya Minza ilitoka kwa babu yake moja kwa moja.

Mgeni yeyote akija shuleni, Mwalimu Mkuu wetu wa Bariadi alimwita Minza. Anakaa, karatasi inawekwa mbele yake, vidole vinateleza, na hadithi inatoka safi kama maji ya kisima. Siku moja Mratibu Elimu Kata alifuta machozi kabisa kwa leso. "Huyu ni muujiza," alisema.

Mimi muujiza nikiuona huwa natafuta umesimamia wapi. Nilisogea karibu nikatazama vidole badala ya kusikiliza sauti. Kidole kilifika mwisho wa mstari, sauti ikiwa bado katikati ya sentensi. Tena hakikurudi nyuma hata mara moja. Mtoto anayesoma nukta nundu kweli, kwa umri ule, kidole chake hurudi. Kinapita neno, kinapata shaka, kinarudi kulipapasa tena. Cha Minza kilikuwa kinatembea tu kama mtu anayepangusa meza.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Mwalimu Sayi, kijana niliyekuwa nikifundisha naye kitengoni. Alikuwa amemfundisha Minza tangu darasa la pili, na kila sifa ya Minza ilikuwa sifa yake. Nikaona anakohoa Minza akisoma. Nikasema moyoni, basi hizo ndizo ishara zao. Nilikaa nyuma ya darasa siku kadhaa nikifuatilia kikohozi cha Sayi kama askari anayefuatilia mwizi wa ng'ombe, mpaka msimu wa vumbi ulipokwisha na kikohozi kikakoma. Minza aliendelea kusoma vilevile.

Basi siku moja wenzake walipokwenda kunywa uji nilimbakiza. Nilimwekea ukurasa wa hadithi aliyoipenda, nikiwa nimeugeuza, juu imekuwa chini. Kwa nukta nundu, ukurasa uliogeuzwa hausomeki. Minza alinyoosha mgongo, akaweka vidole, akasoma hadithi yote mpaka mwisho, na sauti ya sungura aliibadilisha kama kawaida yake.

Alipomaliza nilikaa kimya. Mtoto asiyeona huusikia ukimya upesi.

"Nimekosea, mwalimu?"

"Hapana. Hujakosea hata neno moja."

Nilishika mkono wake nikaweka kidole chake juu ya mstari wa kwanza. "Hapa unasikia nini, Minza?"

"Nasikia karatasi."

"Na nundu?"

Alipapasa tena mstari mzima. "Wenzangu wanasema zipo."

Kidogo kidogo akaniambia. Darasa la pili alizisikia. Baadaye zikawa zinapotea, hasa akirudi kutoka likizo, na kila likizo zilipotea zaidi. Aliona aibu kusema. Kumbe haikumlazimu kusema, kwa sababu utaratibu wetu ulikuwa mwalimu asome ukurasa kwanza kwa sauti, kisha watoto wafuate. Mjukuu wa manju akishasikia mara moja, ameshika. Sayi hakuwa amefanya hila yoyote. Alikuwa amemwamini mtoto tu.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikamweleza. Aliegemea kiti akanicheka.

"Madam Kwandu, wewe hata Malaika Gabrieli akija utamwomba kitambulisho. Mtoto ana kitabu kizima kichwani, bado unalalamika?"

"Huko anakokwenda watampa kitabu ambacho hajasomewa na mtu, mkuu. Atakaa nacho kimya. Watamrudisha, na akirudishwa hakuna wa kumpokea tena."

Hapo aliacha kucheka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu anapenda wageni. "Afisa wa mkoa anakuja muhula wa mwisho," alisema baadaye. "Nafasi yetu ni moja. Mwenye uwezo wa kwenda kutoka hapa ni Minza, na kama siye, nafasi inakwenda wilaya nyingine. Fanya unalolijua."

Nililolijua ni kushuku, nikaanza na nyumbani kwake. Kulikuwa na maneno shuleni kwamba babu yake amempa dawa ya kukumbuka, kama wanavyosemwa mamanju wote. Dawa ya kukumbuka sikuiamini. Ila niliogopa kitu kingine: kwamba mtu alikuwa akimchoma vidole, au kumchanja, akidhani anamtibu macho. Nimewahi kuona hayo. Likizo ilipofika nilipanda basi mpaka Maswa, nikachukua bodaboda mpaka Ipililo. Sikupiga simu. Ukipiga simu unakuta nyumba imefagiliwa na mtoto amevishwa.

Nilimkuta Minza amekaa mkekani kivulini mwa ghala, mbele yake kichuguu cha mahindi makavu. Alikuwa anapukuchua kwa vidole, bunzi baada ya bunzi, punje zikiruka kama mvua ya mawe. Nyuma yake kulikuwa na magunia, na hayakuwa ya nyumba ile peke yake.

"Mwangaluka, mayu," mama yake alinisalimu huku akipiga goti. Alifurahi kwelikweli. "Mwalimu, huyu mtoto! Hakuna anayemshinda kupukuchua. Hata majirani wanamletea. Zamani walikuwa wananipa pole kwa kuzaa asiyeona, leo wananiomba kazi yake."

Nilichuchumaa nikashika mkono wa Minza, nikaugeuza. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kama kisigino cha mtu anayelima pekupeku. Nilizibonyeza moja moja, nikiuliza, hapa unasikia? Na hapa?

"Wewe mama," sauti ilisema nyuma yangu. Alikuwa babu yake, mrefu, amesimama na fimbo ya kuchungia. "Unatafuta nini kwenye vidole vya mjukuu wangu?"

"Shikamoo, guku. Mimi ni mwalimu wake kutoka Bariadi."

Hakuitikia. "Mwalimu anatazama daftari. Huku kwetu mtu akija bila taarifa, akaanza kukagua viungo vya mtoto mwenye ulemavu, hatumpi kiti. Tunaita vijana."

Nawaambieni, miaka yangu yote ya kazi nilikuwa mimi ninayeshuku. Siku ile nilionja upande wa pili. Sikuweza kumlaumu. Katika nchi yetu hii watoto wamewahi kutafutwa kwa ajili ya viungo vyao, na mzee alikuwa akifanya kazi ileile niliyokuwa nikiifanya mimi, tena kwa sababu nzito kuliko zangu. Wanaume wawili walikuwa tayari wamesogea kutoka zizini. Mama yake Minza alisimama katikati, hajui amshike nani.

Nilitoa kwenye mkoba karatasi ya nukta nundu. "Guku, papasa hapa. Kuna maandishi."

Akapapasa kwa kidole gumba. Mikono yake ilikuwa ya jembe na kamba. "Hakuna kitu. Karatasi tupu hii."

"Sasa iweke mdomoni. Usiilambe. Ipitishe kwenye mdomo wa chini."

Vijana walicheka. Mzee alinitazama kwa muda, macho madogo, akiniwazia kila baya. Kisha aliinua karatasi akaipitisha mdomoni polepole. Akasita. Akairudisha tena alikoanzia.

"Kuna upele," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo maandishi. Mdomo wako ni laini, umeyasikia. Kidole chako kimekomaa, hakiyasikii. Na vya Minza vimekuwa kama vyako. Shuleni hasomi, guku. Anaimba alichosikia, kama unavyoimba wewe."

Minza alikuwa ameacha kupukuchua. "Nami nipe," alisema. Nikampa. Aliiweka mdomoni, na uso wake ulibadilika mbele yetu. "Zipo," alisema. "Mama, zipo!"

Mama yake alikaa chini akaanza kulia. "Mimi nilidhani nampa heshima," alisema. "Asipopukuchua atafanya nini humu ndani? Akae kama mgeni? Watu watarudi kunipa pole."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Jibu lilitoka kwa mzee. Alisema kibuyu cha maziwa kinatikiswa kwa mikono na mabega, ncha za vidole hazihusiki. Tangu siku hiyo kazi ya Minza ikawa kusukasuka maziwa ya nyumba nzima, na samli iliyopatikana apakwe vidoleni kila jioni. Majirani watapukuchua mahindi yao wenyewe. "Na wewe mwalimu," aliniambia nikiaga, "siku nyingine piga simu kwanza." Nilisema wabeja, yaani asante, nikapanda bodaboda.

Ngozi haifundishiki kwa amri. Muhula ulipofunguliwa tulianza upya kama kwa mtoto mdogo: kutenganisha ulezi na mtama, kupapasa uzi uliogundishwa kwenye karatasi, kutafuta nundu moja kwenye ukurasa mtupu. Sayi aliona haya sana, akawa ananisaidia kuliko nilivyomwomba. Tuliacha pia ule utaratibu wa mwalimu kusoma kwanza. Minza, aliyekuwa nyota ya shule, akawa wa mwisho darasani. Wageni walipokuja hakuitwa. Wenzake walimtania kwamba muujiza umechacha.

Siku moja alisukuma kibao chake kikaanguka. "Zamani nilikuwa najua kusoma. Umekuja wewe, nikawa sijui. Umeniharibia, mwalimu!"

Nilitoka nje nikajifanya nakagua bomba la maji. Nilimpenda mtoto yule kwa namna ambayo sikumpenda mwanafunzi mwingine, na aliponiambia hivyo niliumia. Lakini sikumwambia. Nilirudi ndani nikamwamuru aokote kibao.

Vidole vilikuja. Kwanza cha shahada cha kushoto, halafu wenzake. Lakini muhula wa mwisho ulipoanza, nami nikiwa nafungasha vitu vyangu kwa ajili ya kustaafu, shaka ilinirudia. Alikuwa anasoma, au ameshapata njia nyingine ya kushika? Vitabu vyote vya kitengo alikuwa amevisikia. Nikiandika hadithi mpya, Sayi angeweza kumnong'oneza kwa huruma. Nikiandika maonyo yangu ya kila siku, angeyajua kabla hajagusa karatasi, kwa kuwa mimi mwenyewe alikuwa amenishika kichwani mstari kwa mstari. Ilinibidi niandike kitu ambacho hakijawahi kutoka mdomoni mwangu mbele ya mtu yeyote.

Nilikaa na kibao nyumbani, nikafikiri, nikaandika.

Kesho yake nilimweka chumbani peke yetu, nikafunga mlango. Alipapasa kona ya karatasi, akaipata, akaanza.

"Mi... nza. Minza." Kidole kikatembea. "Na... na-ku..." Kikasimama. Kikarudi nyuma. Sijawahi kufurahi kuona kidole kikirudi nyuma kama siku ile. "Na-ku-pe-nda. Ka-ma... mwa... mwa-na-ngu." Akavuta pumzi. "U-ki-e-nda... ni-ta-li... nitalia."

Mkono wake ulibaki pale mwisho wa mstari, ukitafuta kama kuna mengine. Hakukuwa na mengine.

"Mwalimu, hii ni kweli au ni mtihani?"

"Ni mtihani."

"Kwa hiyo si kweli."

"Ni kweli pia."

Alifikiri. Nilimfundisha mwenyewe kutopokea kitu hivihivi. "Basi sema kwa mdomo. Karatasi unaweza kuandika chochote. Mimi sauti naijua."

Nikasema. Sauti ilinitoka mbaya, ya kukwama, nikarudia mara ya pili ili isikike vizuri. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande, kama anavyosikiliza wimbo anaotaka kuushika. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akakunja ile karatasi, akaitia mfukoni mwa sketi yake bila kuniomba ruhusa.

Afisa wa mkoa alipokuja alileta kitabu chake mwenyewe, kipya, ambacho hatukuwahi kukiona. Minza alisoma polepole, akikwama, akirudi nyuma, bila sauti ya sungura wala ya simba. Mwalimu Mkuu alikuwa akijikunja kwenye kiti kwa aibu. Afisa alimsimamisha katikati ya ukurasa akasema, "Inatosha. Huyu anasoma." Akaandika jina.

Minza alipoondoka nililia kama nilivyoandika. Nilistaafu muda mfupi baadaye, na sasa nakaa hapa Bariadi na kuku wangu. Bado nashuku: nashuku muuza maziwa kwamba anaongeza maji, nashuku fundi, nashuku hata wanaonisifu kanisani. Walimu vijana wa kitengo wakija kuniuliza kazi hii inataka nini, nawaambia watazame vidole, wasisikilize sifa, waende nyumbani kwa mtoto, ila wapige simu kwanza. Wanaandika yote. Halafu wananiuliza kama kuna lingine, nami huwa nasema hakuna, wanaaga, na nikishafunga mlango ndipo naumia. Lipo lingine. Nililisema siku moja tu katika kazi yangu yote, na hata hiyo siku nililisema kwa sababu mtoto alikataa kuniamini.